Ya Kale ni Dhahabu: Mwongozo wa Saladi Angavu Wakati wa Theluji

Siku ya kwanza kuingia katika duka la vyakula mjini Minneapolis, nilisimama mbele ya rafu ya mboga nikashangazwa na uaminifu wa Wamarekani. Juu ya fungu la majani ya kijani, yaliyojikunja kama nywele zilizokosana na kitana, walikuwa wameandika kwa herufi kubwa: KALE. Nikasema moyoni, kwetu muuza mboga atakuapia kwamba sukuma imechumwa leo alfajiri, ilhali ina siku ya tatu na inanyunyiziwa maji ipate kufufuka. Hawa wenzetu wanakwambia waziwazi: hii ni ya kale, ukinunua umejitakia. Nikaipita. Niliendelea kuipita wiki mbili nzima, hadi nilipoelezwa kwamba hilo ndilo jina lake, kwamba husomwa "keli", na kwamba ni ndugu wa damu wa sukuma wiki niliyoikimbia Kakamega.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Walikuwa hawajaona bei yake mwezi wa Januari.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe uliyetoka Kisumu, Tanga au Bukavu, ukaletwa Minnesota na masomo, kazi au mapenzi, na sasa daktari wako, pamoja na kila gazeti lililotupwa kwenye meza ya chumba cha kumsubiri, wanakuhimiza ule saladi ya samoni na keli: nyepesi, yenye afya, yenye rangi za kuchangamsha moyo. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwili wako unadai supu ya kongoro. Usiusikilize. Fuata hatua hizi.

Mahitaji ya watu wawili

Vipande viwili vya samoni, gramu 150 kila kimoja. Fungu moja la keli. Komamanga nusu. Chungwa moja. Parachichi moja. Lozi kiasi cha kujaza kiganja. Ndimu moja, mafuta ya zeituni vijiko vitatu na kidogo ya kumpaka samaki, haradali na asali kijiko cha chai kila kimoja, chumvi, pilipili manga. Ujasiri, kwa kadiri utakavyoona inafaa.

Hatua ya kwanza: Isamehe saa yako

Saa ya Kiswahili ilipangwa na watu wanaoishi jirani na ikweta. Jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili, huzama kwenye saa kumi na mbili, na katikati yake kila mtu anajua lini ale na lini aage wageni. Minneapolis, mwishoni mwa Desemba, jua huingia kazini karibu saa mbili asubuhi kama karani aliyechoshwa na mshahara wake, na ikifika saa kumi na moja kasorobo limeshafunga dirisha. Kwa hiyo chakula chako cha jioni utakipika katika giza totoro, ukidhani ni usiku wa manane, kumbe ni saa kumi na moja. Washa taa zote za jikoni. Saladi angavu huanzia kwenye bili ya umeme.

Giza hilo si la kufanyia mzaha, ingawa hapa tunalifanyia. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na aina fulani ya miali ya jua, na wakati wa baridi huku kaskazini jua hupita chini sana, miali hiyo ikaishia angani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba mjini Boston, kuanzia Novemba hadi Februari, ngozi haipati jua la kutengeneza vitamini hiyo. Minneapolis iko kaskazini zaidi ya Boston. Na sisi wenye ngozi nyeusi, tuliyoumbiwa jua la utosini, tunahitaji kukaa juani muda mrefu kuliko jirani zetu weupe. Usijisumbue kusimama dirishani ukiwa kifua wazi. Kioo nacho huzuia miali ileile. Utakachoambulia ni jirani kukupungia mkono kwa adabu, kisha kufunga pazia lake.

Basi jua inabidi ulile. Limehifadhiwa ndani ya samaki: gramu 85 tu za samoni mwekundu wa Pasifiki aliyepikwa zina takriban yuniti 570 za vitamini D, na mtu mzima anashauriwa kupata 600 kwa siku. Ndiyo sababu daktari alikuwa akisema samoni, samoni, wakati wewe ulisikia gharama, gharama.

Hatua ya pili: Nunua samaki unayemjua ukoo

Usidanganywe na ziwa. Utaona watu wazima wameendesha magari hadi katikati ya ziwa lililoganda, wakatoboa tundu kwenye barafu, wakaketi juu ya ndoo wakisubiri. Wanasubiri samaki aitwaye walleye, si samoni, na baadhi yao ukiwatazama vizuri hawasubiri samaki wa aina yoyote. Wamekimbia kelele za nyumbani.

Nenda dukani, usome kibandiko kama unavyosoma barua ya posa. Kikisema "Atlantic", huyo ni wa kufugwa, kwa sababu Marekani hairuhusu samoni mwitu wa Atlantiki avuliwe kwa biashara. Mara nyingi ametoka Norway, Chile au Kanada. Kikisema "Alaska", huyo ni wa mwituni, maana jimbo hilo lilipiga marufuku ufugaji wa samaki wa namna hiyo mwaka 1990.

Sasa tuje kwenye rangi, kwa kuwa wewe ulifuata saladi angavu. Samoni wa mwituni huwa mwekundu kwa kula uduvi na viumbe wadogo wa majini wenye rangi iitwayo astaksanthini. Wa kufugwa asipopewa rangi hiyo nyama yake hubaki na kijivu cha kukatisha tamaa, kwa hiyo huwekewa kwenye chakula chake. Kuna hadi kifaa cha umbo la upepeo, chenye vipande vya wekundu wa kila kiwango, kama vile vya duka la rangi za nyumba, ambacho wenye biashara hukishika kando ya minofu na kulinganisha. Wekundu uliokufanya umeze mate umeteuliwa kama rangi ya sebule. Nunua tu. Hata wewe picha yako ya pasipoti ilisaidiwa na taa.

Hatua ya tatu: Kata kama mama mboga

Sukuma, keli, kabichi, brokoli na koliflawa zote ni spishi moja, Brassica oleracea, zilizotenganishwa na wakulima kwa karne nyingi za kuchagua mbegu. Ni ukoo mmoja ambao kila mtoto alijichagulia kazi yake. Keli kwa miaka mingi hapa Marekani kazi yake ilikuwa kutandikwa juu ya barafu kwenye meza za mikahawa ili vyakula vingine vipendeze. Iliondoka mezani jioni bila kuguswa na jino. Kisha, katika miaka ya 2010, magazeti yakaigundua. Haikubadilika hata jani moja. Ilibadilishiwa sifa tu. Wamarekani Weusi wa Kusini walikuwa wakimpika binamu yake, collard, vizazi kwa vizazi, na hakuna aliyewapelekea mpiga picha. Kule kwetu mtoto aliyekuta sukuma mezani siku ya nne mfululizo alinuna, akaambiwa ale anyamaze. Laiti angejua kwamba ananyamazia dhahabu.

Baridi yenyewe ina wema wake mmoja. Keli ikipigwa na jalidi shambani hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili isigande, ndipo inakuwa tamu. Ni mkazi pekee wa jimbo hili ambaye tabia yake hupendeza zaidi Januari.

Toa mshipa mgumu wa katikati. Panga majani, yaviringishe kama mkeka, kisha ukate nyembamba kabisa. Mama mboga hufanya hivyo hewani, bila ubao, huku akichambua siasa za kaunti na kukurudishia chenji, na vidole vyake vyote kumi vipo. Wewe tumia ubao.

Hatua ya nne: Ikande

Umesoma sawasawa. Mboga hii hukandwa. Kwetu wanaokandwa ni mama aliyejifungua na mchezaji aliyeteguka kifundo. Huku ni keli, nayo haijajifungua wala kucheza. Inyunyizie chumvi, kamulia nusu ya ndimu, tia vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, uifinyange kwa mikono miwili kwa dakika tatu. Majani yatalainika, yatakolea kijani, na bakuli lililokuwa limejaa litabaki nusu. Mafuta si ya kuringishia tu: vitamini A na K zilizomo kwenye majani hazinyonywi vizuri bila mafuta. (Ikiwa unatumia dawa ya warfarin, vitamini K inaweza kuipunguza nguvu. Zungumza kwanza na daktari, si nami. Mimi ni mtu wa kejeli.)

Ni wakati huu, mikono ikiwa imelowa hadi vifundoni, ambapo mama hupiga simu ya video.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakanda sukuma, mama."

Kimya.

"Inaumwa?"

"Hapana, mama. Naila mbichi."

"Mbichi! Kwani huko moto umekatazwa?"

Mweleze, kama nilivyomweleza wangu, kwamba mboga ikichemshwa hupoteza vitamini C. Atakusikiliza kwa subira ya mtu aliyekulipia karo.

"Sungura wangu wanaila hivyohivyo miaka yote," alisema mama. "Sijaona aliyefika uzeeni. Ukishaipika, nipigie."

Hatua ya tano: Pika samaki bila kuita zimamoto

Mwaka wangu wa kwanza nilimkaanga samoni kama ninavyomkaanga tilapia: mafuta mengi, moto mkali, ngozi ikauke. Sikujua kwamba darini kuna kifaa kinachochukia tilapia. Kilipiga ukelele, kikaamsha wenzake wa ukumbini, na baada ya dakika tano jengo zima lilikuwa nje kwenye theluji, watu wamevaa nguo za kulalia na kubeba paka. Watu ambao kwa miezi minane hawakuwa wamejua jina langu walilijua usiku ule.

Jifunze kwangu. Washa oveni nyuzi 135, ambazo kwa hesabu ya Marekani ni 275. Mpake samaki mafuta, chumvi na pilipili manga, mlaze ngozi ikiwa chini, umwache dakika 25 hivi. Hakutakuwa na moshi wala ukelele. Ushauri rasmi wa Marekani ni kwamba ndani afikie nyuzi 63. Kama huna kipimajoto, mguse kwa uma, na nyama ikiachana kwa tabaka, ameiva. Ute mweupe ukijitokeza juu usimwite samaki mgonjwa. Ni protini iitwayo albumini, na hutoka kwa wingi zaidi ukimharakisha. Samoni, kama mjomba anayeombwa mchango wa harusi, hataki kuharakishwa.

Hatua ya sita: Weka rangi

Hapa ndipo saladi inapopata kuitwa angavu. Komamanga na machungwa msimu wake ndio huu wa baridi, kwa hiyo usione kama unaiga. Lipasue komamanga ndani ya bakuli la maji: punje zitazama, ngozi nyeupe zitaelea, na shati lako litasalimika. Lipasue juu ya meza kavu, na jikoni patahitaji kuelezwa kwa polisi. Menya chungwa, ukate vipande. Kata parachichi, ambalo yumkini limetoka Mexico na limesafiri kwa raha kuliko ulivyosafiri wewe. Changanya ndimu iliyobaki, kijiko cha mwisho cha mafuta, haradali na asali, umimine juu. Vunja samaki kwa vipande vikubwa. Mwaga lozi.

Piga picha chini ya taa, kwa kuwa jua limekwenda zake tangu mchana. Itume nyumbani. Wataandika: "Maisha ni huko." Usiwakatalie. Kula.

Hatua ya saba: Mabaki

Salamu za pekee ziiendee keli kwa hili: saladi ya letasi ikilala hufa, ya keli ikilala hukolea. Iweke kwenye friji, itakufaa kesho hata keshokutwa. Samaki mle akiwa baridi. Usimpashe moto kwenye maikrowevu ya ofisini, isipokuwa kama umeshapata kazi kwingine.

Siku ya tatu, fungua friji uitazame. Imebaki nusu bakuli. Nje theluji iliyoanza Novemba bado inaanguka, na hapa haiagi hadi Aprili: wiki 20 na ushei. Hiyo si wiki ya kusukuma, ni lori lililokwama. Teleka sufuria. Kaanga kitunguu, tia nyanya, mimina saladi yote kama ilivyo, ndimu yake, asali yake, punje zake. Funika kidogo. Kisha piga simu, ugeuze kamera itazame ndani ya sufuria.

"Umeipika," alisema mama.

"Nimeipika, mama."

"Na hivyo vyekundu ni nini?"

"Komamanga."

Kimya, cha muda mrefu kuliko kile cha kwanza.

"Haya, baba. Sukuma hivyohivyo."