Kutembea kwa Gari

Januari 1999 Wangari Maathai alipasuliwa kichwa kwa kutaka kupanda mti Karura, msitu ambao wakubwa walikuwa wameanza kuumega viwanja. Leo msitu upo, hekta zipatazo 1,000 ndani ya Nairobi, na mjini wanauenzi kwa namna yao: mtu anawasha gari ili aende kutembea. Akifika huzunguka na kuzunguka akiwinda kivuli karibu na mgahawa, maana akiegesha mbali itambidi atembee. Raba nyeupe pe; penye tope anarudi. Maporomoko ya maji huyapa kisogo, ndivyo picha itakavyo. Mtasema ni heri huyo kuliko anayekesha baa, tena kiingilio chake kinasaidia kuutunza msitu. Sina ubishi. Nitawaongezea hoja: katika jiji hili ardhi isiyo na watu wa kuitolea macho huota hatimiliki usiku mmoja, kwa hiyo mpiga picha naye ni askari, hata kama muhugu alioegemea hawezi kuutaja jina. Ila askari gani huyu, manyunyu mawili tu, amekwisha kimbilia garini?