Bahari Haijui Shikamoo

Mchaga wa Dar es Salaam hana maswali mengi kuhusu Krismasi: anapanda basi pale Mbezi, anabanana na mabegi ya wenzake, anashuka Moshi. Mwaka ule mama mkubwa akaamua mlima upumzike, ukoo uteremke Pwani. "Na sisi tuione bahari kabla hatujafa," aliandika kwenye kundi la WhatsApp alfajiri. Kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba wa bibi, hapakuwa na mjadala. Palikuwa na mchango.

Kamati ikaundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ndogo ya nyama iliyokuwa na wajumbe wengi kuliko kamati kuu. Ratiba nayo ikatoka. Sala, hotuba za wazee, chakula, hotuba za wazee walioachwa mara ya kwanza, kisha kuogelea, watoto tu, kuanzia saa nane hadi saa tisa.

Ukoo mkubwa hauendi ufukweni, unahamia. Kwenye Kosta tulipakia majiko ya mkaa, sufuria la pilau, ndoo ya mtori, mikungu ya ndizi, kreti za soda, turubai, na kiti cha bibi pamoja na mto wake. Dereva alituuliza kwa upole kama kule tunakokwenda tumeshalipa kodi. Baba mdogo akakataa tusipite Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 mahususi ili watu wasisote kwenye foleni ya pantoni, kwa sababu watoto lazima wapande meli. Basi tukasota Magogoni, watoto wakalala, na pantoni ikavuka kwenda Kigamboni wakikoroma.

Tulifika maji yamekupwa. Mchanga ulikuwa mpana, mgumu, umenyooka vizuri. Mama mkubwa akaingia katikati yake, akapiga mguu chini, akatangaza: hapa.

Shemeji yetu, mzaliwa wa Tanga, akakohoa. "Mama, maji yatafika hapa."

"Mwanangu, bahari yote hiyo ilivyo kubwa, itakosa pa kukaa ije kutubana sisi?"

Ukoo ukacheka. Shemeji alikuwa hajamaliza mahari, na mtu anayedaiwa mahari habishani na mama mkubwa hata kuhusu bahari. Alivua kandambili zake, akatembea taratibu hadi kwenye mivinje, akazipanga juu ya mzizi, akarudi peku kusaidia kuwasha mkaa.

Wa kwanza kutuvamia walikuwa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka. Za kwetu walizianza zikiwa bado kwenye sahani. Babu mdogo alisimama kuombea chakula, akaanzia uumbaji. Alipofika kwa Nuhu, nilisikia mabawa. Tulipoitikia amina, sahani ya wageni wa heshima ilikuwa na limau tu, na juu ya mvinje kunguru watatu waligombea paja la kuku.

Nuhu naye hakutajwa bure. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na siku hizo ndizo za bamvua: tofauti ya maji kupwa na kujaa huku kwetu huweza kuzidi mita 3. Bahari ikijaa hivyo haipigi hodi. Kijimkondo chembamba kilipita chini ya mkeka, kikazima jiko moja kwa mlio mfupi wa "chsss". Bibi akatazama nyayo zake, akasema, "Ooh, yamekuja kunisalimia," akainyanyua miguu na kuendelea na mtori. Salamu ya pili ilimfika magotini.

"Kila mtu abebe kilicho mbele yake!" akaamuru mama mkubwa. Kilichokuwa mbele ya kila mtu kilikuwa sahani yake. Tulikimbilia mivinjeni, watu wazima na heshima zetu, kila mmoja amekumbatia pilau, huku ndoo, mto wa bibi na kandambili za ukoo mzima vikielekea Zanzibar bila nauli. Wajomba wawili walimbeba bibi na kiti chake. Hakumwaga hata kijiko.

Jioni baba mdogo akahesabu watoto mlangoni pa Kosta. Idadi ilitimia, tukashukuru Mungu. Kisha mtoto mmoja akauliza tunampeleka wapi. Alikuwa amekula kwetu tangu mchana, amepakwa mafuta na shangazi, amechapwa makofi na mjomba kwa kumwagia wenzake mchanga. Wazazi wake tuliwakuta mkeka wa pili kutoka pale, wamemlaza wa kwetu kwenye khanga na kumshindilia mihogo.

Kikao cha tathmini kilikaa usiku huohuo. Shemeji alipunguziwa deni la mahari kwa mbuzi mmoja, akateuliwa mjumbe wa kudumu wa masuala ya maji. Mama mkubwa akafunga kikao kwa kutamka kwamba mwakani tunarudi palepale, ila safari hii katibu aijulishe bahari mapema.