Mtumishi Bora wa Seva

Wanaoisema vibaya smbd, ile programu ya Samba inayogawa mafaili kwenye seva ya Linux, hawajui utumishi uliotukuka. Fungua top uone: asilimia 99 ya prosesa, usiku na mchana, hata Idi. Nani mwingine ofisini kwetu amewahi kufika hata nusu ya hapo?

Karani wa masijala akiombwa jalada, hulichukua tu. Smbd ina adabu zaidi. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, Linux inajali, kwa hiyo mtu akihifadhi "ripoti.doc" mpya, smbd kwanza hupitia folda nzima, jina moja moja, isije ikawa "RIPOTI.DOC" au "rIpOtI.doc" imo humo tangu zamani. Nasi kwa kuienzi tumeirundikia mafaili laki mbili kwenye folda moja. Kuyatenga ni ubaguzi.

Fundi mmoja, kijana mwenye haraka zake, alishauri majina yote yawe ya herufi ndogo, kisha tuandike "case sensitive = yes" kwenye smb.conf. Basi! Hakutaja hata posho. Tuliunda kamati, nayo ikapandisha "log level" hadi 10 ili ichunguze kwa kina uzito unatoka wapi. Sasa smbd inafanya kazi na kuandika kumbukumbu za kila inachofanya. Diski imejaa ushahidi.

Prosesa ya kori 32 imeshaagizwa. Smbd humpa kila mteja mchakato wake mmoja, hivyo mhasibu akihifadhi ripoti, kori moja itahangaika na 31 zitaishangilia.