Hujakidhi Vigezo

Kijana wa steshenari pale Kasulu ana sauti ya dalali. Jibu la ombi langu la kuhamia shahada ya biashara lilipofunguka, hakusubiri hata nivute kiti.

"Dada, hujakidhi vigezo!"

Mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akageuka. Mzee aliyekuwa akisubiri barua ya mgogoro wa shamba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri.

"Vigezo gani?" mama akauliza. Kijana akaona swali ni halali, akamjibu yeye, si mimi.

"Hisabati. Ana F ya fomu foo."

"Na BAM, ile hesabu ya fomu siksi?" Huyo alikuwa mzee. Kumbe ni mwalimu mstaafu.

Kijana akashusha ukurasa taratibu, kidole kikifuata mstari. "BAM nayo F."

Mzee akaguna kwa muda mrefu. Mama akapendekeza unesi, maana mtoto wa dada yake alipitia huko na sasa amejenga. Mteja mwingine, aliyeingia wakati huo huo kununua bahasha, akaomba aelezwe tangu mwanzo, akaelezwa. Kijana mwenyewe akashauri niache shahada nikaanze diploma, akaanza kunifungulia fomu bila kutumwa. Walipomaliza kunijadili akanidai pesa ya kuangalia na pesa ya kuprinti, nikaondoka na fedheha yangu kwenye karatasi, wino umefifia upande wa kulia.

Suala la pointi nalo lina utamu wake. Baraza la Mitihani, NECTA, linahesabu kama mbio: mwenye namba ndogo ndiye mbele. Kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Sasa vuka uende chuo kikuu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inageuza kila kitu: A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na yanatazamwa masomo mawili. Pointi ulizokuwa unazikimbia mwezi Mei, mwezi Agosti unazitafuta kwa tochi. Katika herufi zote ni C peke yake isiyo na unafiki. Ni 3 huku na 3 kule.

Mimi nilisoma HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, nikapata C, C na D. Kwa NECTA hiyo ni daraja la pili, pointi 10. Kwa TCU ni 6, wakati kiwango cha chini cha kuingia shahada nyingi ni 4. Baba alitembea Kibondo nzima akitangaza "kumi", na watu wakaelewa kumi kwa kumi, kitu ambacho kwa hesabu za TCU kingekuwa A mbili. Jirani yetu, ambaye mwanawe alipata 17, alikuja kutupa pole.

Tena mimi nina bahati. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 na 2015 yalitolewa kwa GPA, hadi Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, aliporudisha madaraja mwaka 2016. Aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, na baadaye akawa mbunge wa Kasulu Mjini, kwa hiyo sisi wa huku mada hii tunaizungumza kama ya nyumbani.

Uhamisho wenyewe hauna siri. Kozi unayoiendea iwe na nafasi, na wewe uwe na sifa zake. Shahada nyingi za biashara zinataka, juu ya masomo mawili ya kidato cha sita, walau D ya Hisabati ya kidato cha nne au ufaulu wa BAM. D inaanzia alama 30. Aliyepata 29 na aliyeandika namba yake ya mtihani akalala wote wana F, na cheti hakisemi nani ni nani. Mimi nimejipa 29.

Lakini mwalimu wetu wa Hisabati aliripoti tukiwa kidato cha pili, akahamishwa kabla hatujamaliza logi. Kipindi chake kikawa cha kumwagilia bustani ya shule. Nchi nzima, kwa miaka mingi, anayeipata hiyo D ni takribani mmoja kati ya wanne au watano. Waliobaki biashara imeshawakataa wakiwa na miaka kumi na saba, na hakuna anayeuliza ratiba yao ilikuwa na jina la nani. Shangazi anauza maharage sokoni Kasulu. Nimemwona akipokea faranga za Burundi, akazigeuza shilingi, akatoa ushuru na bei ya lumbesa, akarudisha chenji huku akiamulia watoto wawili wanaopigana, na hakugusa kikokotoo. Yeye naye hajakidhi.

Basi la kurudi Kibondo lilikufa Makere, na nilipofika mama alinikaribisha kama mgeni kwa jinsi vumbi lilivyonipaka. Kaka yangu ameweka "hujakidhi vigezo" kwenye statasi, na picha yangu ya mahafali.

Nimeamua kuresiti. Mtihani ni Novemba, vyuo vikiwa vimeshafungua, kwa hiyo hata D ikija nitaanza kuomba upya kama niliyetoka shule jana. Dukani nimeulizia Hisabati ya kidato cha kwanza, muuzaji akataka kujua mtoto yuko wapi sasa.

"Mwaka wa kwanza," nikamjibu.

Akanisifu kwa kumwahi mapema.