Deli la Lita 25

Shemeji yangu hanywi bia ya dukani, ingawa tunaishi Munich, mji ambao haujawahi kulalamikiwa kwa uhaba wa bia. Jumamosi akiwa hana kazi, jiko langu huwa lake. Vifaa ni sufuria, mwiko, kipimajoto na deli la plastiki tulilonunua kubebea soda.

Kimea cha shayiri cha siku hizi hakina makuu. Kiloweke, mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 66 kwa saa moja, wanga ugeuke sukari, ukapumzike. Shemeji hataki kupumzika. Anataka kupanda ngazi: 50 protini zilainike, 63 ipatikane sukari ya kuchachuka, 72 bia iwe na uzito mdomoni, na 77 vimeng'enya vife, vikome. Na kwa kuwa deli haliinjikwi motoni, kila ngazi hupandwa kwa kumimina maji yanayochemka.

Nikamuuliza, kwa upole wa mpangaji aliyeweka amana: yataenea humo?

“Hesabu nimepiga, shemeji.”

Alipiga kweli, ila ya joto. Kilo 5 za kimea, lita 12 na nusu za maji. Kutoka 50 hadi 63 zikaingia lita 5. Kutoka 63 hadi 72 ni nyuzi 9 tu, lakini zikadai lita 6 na ushei, kwa maana cha kupashwa moto kimeshakuwa kingi, na tofauti yake na maji ya moto imepungua. Kimea chenyewe nacho kinataka pa kukaa. Maji yaliendelea kuingia kwa juu, uji ukatoka kwa pembeni, ukateremka kabatini hadi kwenye droo ya vijiko.

Shemeji hakutishika. Akanieleza kwamba wapika bia wa zamani wa Bavaria hawakuwa na kipimajoto: walichota sehemu ya mchanganyiko, wakaichemsha kando, wakairudisha. Kiwango kilekile, kikichemka vilevile, hupandisha joto vilevile. Akili kubwa hiyo, nawavulia kofia. Tatizo ni kwamba mwiko nilikabidhiwa mimi, na shayiri nzito hushika sufuria kuliko ugali wa msibani. King'ora cha moshi kikalia. Jirani wa chini akapanda kubisha hodi, akamkuta shemeji mlangoni na kisahani cheupe chenye tone la uji lililotiwa aidini, jeusi kwa ubluu.

“Wanga bado upo,” shemeji akamwarifu.

Jirani akakitazama kisahani, akalitazama shati langu, akashuka zake.

Jioni mama yake shemeji akapiga simu kutoka Marangu, ambako pombe yake ya mbege huisha kabla ya jua kuzama. Akasimuliwa yote: nyuzi, ngazi, aidini, Wabavaria. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Haya, mwanangu. Na ndizi mnatia saa ngapi?”