Saa ya Mjomba

Mjomba wangu wa Tanga, ambaye utumishi wake wote aliutumia katika ukarani wa mahakama, na ambaye hata leo akiambiwa neno lisilo na ushahidi huomba nakala yake, hana ugomvi na chombo chochote cha kisasa ila kile kinachombishia saa. Saa, kwa itikadi yake, huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, na ya sita ni pale jua linaposimama utosini. Na chombo kinachodai kwamba saa ya kwanza ya asubuhi ni ya saba, kana kwamba zile zilizotangulia watu walizitumia kwa kazi yoyote ila kulala, kwake ni chombo kilichokosa malezi.

Mwaka 2021 binamu yangu, mwanawe mjomba, aliyekuwa akisoma uhandisi Dar es Salaam, alimletea baba yake kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, akaitia mfumo wa Debian, ambao hauuzwi wala hauibwi, kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma. Mfumo huu ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, akaupa jina aliloliunga kwa jina la mchumba wake wa wakati ule, Debra, na lake mwenyewe. Na mjomba aliposikia kwamba bwana yule alilitanguliza jina la mwanamke, alisema kuwa mwanzo wa jambo hili ni wa adabu, tungoje mwisho wake. Mwaka ule ule wa 2021 lilitolewa toleo la 11, lenye vifurushi zaidi ya 59,000 vya programu, tulivu, lililokwisha jaribiwa na kuthibitishwa, la kumfaa kabisa mzee wa mtaa wa Ngamiani, Tanga. Binamu hakulitaka. Alichagua tawi la majaribio, ambalo vitu vipya huingia humo kila siku kabla havijapoa, akaandika nywila ya msimamizi katika kipande cha karatasi, akarudi chuoni.

Haja ya mjomba ilikuwa moja tu. Alikuwa na utenzi wa marehemu babu yake, ulioandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na karatasi zake zilikuwa zimeanza kuliwa na mchwa. Akataka kuunakili kwa herufi zenye heshima, si zile nyembamba zilizokuja na mashine, ambazo alisema zinafaa kuandikia risiti. Herufi alizozitamani zipo, nazo huitwa Amiri, kazi ya Khaled Hosny wa Misri, aliyezihuisha kutokana na naskhi iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya matbaa ya Bulaq, Kairo. Na katika ghala la Debian zimefungwa katika kifurushi kiitwacho fonts-hosny-amiri. Amri ya kukileta haizidi mstari mmoja. Binamu aliituma kwa simu, na baada ya muda si mrefu nikaitwa mimi, ambaye katika ukoo wetu nahesabiwa fundi kwa sababu tu nilipata kumiliki kompyuta kabla ya wengine.

Hitilafu ya kwanza haikuhusu saa. Mfumo huu humtenga msimamizi, mwenye idhini ya kutia na kutoa programu, na mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka ila juu ya majalada yake mwenyewe. Na mtumiaji akitaka kuazima mamlaka ya msimamizi hutanguliza neno sudo mbele ya amri, kisha huandika nywila yake. Nywila ile inapoandikwa haionekani hata kwa nukta, nayo ni hadhari njema dhidi ya macho ya jirani. Walakini mjomba, aliyebonyeza herufi moja baada ya nyingine asione kitu, alikata shauri kuwa kibodi imekufa, akaipangusa, akaipuliza, akaipindua ikamwaga makombo ya mwenyewe wa zamani, ndipo akaandika tena. Jibu lililokuja lilisema kwamba mtumiaji huyu hayumo katika daftari la wenye idhini, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Mtu mwingine angalicheka. Mjomba, aliyeyaona mashtaka ya watu yakianzia katika maneno madogo kuliko hayo, alinipokea barazani akiwa amevaa kanzu ya kutokea, na baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza hali ya nyumbani kwetu.

“Itaripotiwa kwa nani?”

“Kwa msimamizi wa mfumo, mjomba.”

“Na msimamizi ni nani?”

“Kwa kompyuta hii, ni wewe.”

Alifikiri kidogo. “Basi mshitakiwa ni mimi, mlalamikaji ni mimi, na hakimu ni mimi. Kesi nimeifuta. Ingia ndani, mpwa wangu, pilau inapoa.”

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, na baada ya chakula niliketi mbele ya mashine, nikaingia kwa nywila ya ile karatasi ya binamu, nikaamuru kifurushi kiletwe. Nikajibiwa kwamba hakuna kifurushi cha jina hilo. Jibu hili huwatia wengi katika ghadhabu, ingawa maana yake si kwamba kifurushi hakipo ulimwenguni, bali kwamba orodha iliyomo ndani ya kompyuta haikitaji, ama kwa kuwa ni ya zamani, ama kwa kuwa haijapata kuletwa kamwe; na dawa yake ni kuagiza orodha mpya kutoka ghalani. Nikaagiza. Ghala likaitika, orodha ikashuka, na kompyuta ikaikataa mlangoni kwa maelezo kwamba orodha hii si halali bado, na haitakuwa halali mpaka zipite saa 2 na dakika 40.

Nimeyasoma makosa mengi ya kompyuta, na mengi husema jambo limechelewa, limekwisha, au limepotea. Hili la kukataa kitu kwa kuwa kimewahi mno lilikuwa geni kwangu. Mjomba aliposomewa alilipenda, kwa kuwa alipata kuona hati za mahakama zilizotiwa tarehe ya kesho, na akapendekeza tungoje saa hizo mbili na dakika zake hali tunakunywa kahawa. Tulingoja. Tulipoagiza tena baada ya kahawa, ghala lilikuwa limekwisha toa orodha nyingine, mpya kuliko ile, nayo pia haijawa halali.

Hapa sina budi kueleza desturi ya ghala. Kila orodha hutiwa sahihi ya kidijitali, na ndani yake huandikwa saa iliyotolewa na, kwa tawi kama hili, siku ambayo uhalali wake utakoma, ili mwenye hila aliyejificha njiani asije akampa mtu orodha kuukuu yenye programu mbovu zilizokwisha tengenezwa. Katika tawi la majaribio orodha hutungwa upya mara 4 kwa siku, yaani kila baada ya saa 6 hivi. Kwa hiyo nilishuku saa ya kompyuta, nikaitazama juu ya kioo: nane u nusu ya agizo la kwanza ilikuwa imepita zamani, sasa ilikaribia kumi na moja na robo. Nikatazama saa ya ukutani ya mjomba: kumi na moja na robo. Nikamuuliza mjomba mwenyewe, naye bila ya kutazama popote akasema kumi na moja na robo, alasiri imekwisha saliwa. Mashahidi watatu wameafikiana. Nikaiondolea saa shaka zote, nikaenda kuutesa mtandao, ambao haukuwa na hatia yoyote.

Kompyuta haikusema uongo wala haikuficha. Makosa yake yana tabia ya shahidi mkweli aliyefunzwa na wakili: hujibu lile aliloulizwa, hatoi neno la ziada, na ukishindwa kuuliza vizuri utatoka mahakamani na kweli yote mkononi usijue ni ya nini. Ni herufi mbili ndogo zilizoniokoa, zile zinazoandikwa kando ya saa ili kupambanua asubuhi na jioni. Kompyuta ilisema ni kumi na moja na robo ya asubuhi, ya hesabu ya Kizungu. Na nje kivuli cha mwembe kilikuwa kimekwisha vuka ua mzima.

“Mjomba,” nikasema, “saa hii nani aliitia?”

“Mimi,” akajibu kwa fahari. “Ilikuwa na ukaidi. Kila nikiirekebisha, kesho naikuta imerudia yake. Nikatafuta mpaka nikakiona kitufe kinachoipa kiburi, nikakizima.”

Kitufe hicho ndicho kinachoiwezesha kompyuta kuuliza saa sahihi mtandaoni. Mjomba aliirudisha nyuma kwa saa 6 kamili ili isome saa ya Kiswahili, na ghala hutunga orodha kila saa 6. Hata angalitafutwa mnajimu wa kupanga balaa hili asingelipanga kwa ufundi kuliko hivyo. Karibu kila orodha iliyofika Ngamiani ilifika ikitokea siku za usoni.

Nilimweleza yote haya kwa taadhima, naye alisikiliza kwa insafu, kisha akakataa. Hakuona kwa nini saa iliyotumiwa na babu wa babu yake iondoke kwa ajili ya orodha. Wakati huo, ili nipate nafasi ya kufikiri, nilimwonyesha masihara waliyoyaficha mafundi wa apt, programu inayoleta vifurushi: ukiiandikia neno moo, huchora ng'ombe kwa alama za kibodi. Mjomba alimwinamia yule ng'ombe.

“Anasema nini?”

“Anauliza kama leo umekwisha lia moo.”

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Na watu hawa,” akasema, “ndio walioikataa saa yangu?”

Ufumbuzi ulikuja kutokana na jambo ambalo wengi hawalijali, kwamba ndani ya kompyuta ya Debian saa halisi huhesabiwa kwa wakati wa dunia nzima, na ile inayoonekana kiooni ni tafsiri tu ya mahali ulipotaja kuwa unaishi. Tanga iko mbele ya wakati huo kwa saa 3. Mahali palipo nyuma ya wakati huo kwa saa 3, pasipo na mchezo wa kubadili saa kila msimu, ni Buenos Aires, Argentina. Nikakiwasha kile kitufe cha kiburi, saa ya ndani ikarudi katika haki yake. Kisha nikaiambia kompyuta kwamba imehamia Buenos Aires, na kiooni ikaonekana saa kumi na mbili kasorobo, sawasawa na ya ukutani. Zile herufi mbili ziliendelea kudai kuwa ni asubuhi, lakini mjomba alisema hizo ni za kikafiri, hazisomi. Orodha ikapokelewa bila ya neno, kifurushi kikaja, herufi za Bulaq zikatandazwa juu ya kioo kabla ya adhana ya magharibi, na mzee akaketi kuandika mistari ya babu yake hali akiisoma kwa sauti. Mualiko wa kikao niliomtumia baadaye kwa barua pepe, wa saa tisa alasiri, ulijiandika wenyewe katika kalenda yake kuwa ni saa 9, akanipigia simu kunipongeza kwamba hatimaye mashine imekubali kufunzwa.

Alipokaribia kurudi binamu kwa likizo, mjomba hakutaka yamkute ya zamani. Kwa herufi zake mpya, kubwa, bila ya irabu hata moja, alichapa maneno ya kukataza mtu yeyote asiiguse saa, akayabandika juu ya kompyuta. Binamu aliyakuta. Kwa kuwa Kiswahili cha hati ile hakupata kufunzwa, na kwa kuwa baba yake ni mtu wa ibada, alidhani ni azima ya kukinga mashine na hasadi, akaiacha mahali pake kwa heshima kubwa, akashangaa kuona kompyuta ya nyumbani kwao iko Argentina, akairudisha Dar es Salaam.