Safu ya Ushauri: Mwenye Vyuo Vitatu na Ukoo Mmoja

Udahili, kwa maana yake ya kiutawala, ni kitendo cha chuo kumkubali mwombaji aliyetimiza vigezo. Na kwa shahada ya Udaktari wa Binadamu, ambayo husomwa kwa miaka 5 na kufuatwa na mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kigezo cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni alama D katika kila somo kati ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Udahili wa zaidi ya chuo kimoja ni hali inayompata mwombaji aliyekubaliwa kwingi kwa wakati mmoja. Hali hiyo haikuwa na nafasi katika mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010, ambamo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipokea maombi yote na kumpangia kila mtu chuo kimoja, lakini imekuwa ya kawaida tangu mwaka 2017, vyuo viliporudishiwa kazi ya kupokea maombi vyenyewe. Upande wa kompyuta wa jambo hili umepata wataalamu wa kutosha. Upande wa vikao vya ukoo, ambavyo katika nyanda za juu za Kigoma ndivyo vyenye uamuzi, bado haujapata hata mmoja, na safu hii inakaimu nafasi hiyo.

Mwenye Barua Tatu, Kibondo

Msomaji huyu anaeleza kwamba amekubaliwa Muhimbili, Bugando na KCMC, na kwamba kikao cha ukoo kilichoketi siku mbili kimeshindwa kuafikiana. Baba mkubwa anataka Muhimbili, kwa hoja kwamba ni jina lisilohitaji maelezo popote litakapotajwa. Shangazi anataka KCMC, kwa sababu binti yake ameolewa Moshi na hajatembelewa tangu harusi. Mama anataka Bugando, kwa kuwa basi linaloondoka Kibondo alfajiri kupitia Kakonko na Nyakanazi huingia Mwanza siku hiyohiyo, na mtoto aliye mbali kwa siku moja bado ni mtoto wa nyumbani. Mjomba, ambaye ndiye mtoa nauli, hajasema neno, na ukimya huo ndio unaomnyima kijana usingizi.

Safu inaona kwamba hoja zote zilizotolewa ni halali kwa wenyewe, na kwamba hakuna hata moja inayohusu udaktari. Kwa kuwa jina ndilo lililotawala kikao, linafaa kutangulia. Muhimbili ina haki ya kujivunia ukongwe wake: mafunzo yalianza mwaka 1963 kwa jina la Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, yakawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yakapandishwa kuwa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 yakawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi, kiasi kwamba walimu wengi wa vyuo vilivyofuata walipitia humo. Hospitali za KCMC na Bugando zilifunguliwa mwaka mmoja, 1971, ilhali mafunzo ya udaktari yalisubiri hadi 1997 kwa Moshi na 2003 kwa Mwanza. Msomaji makini ataona kwamba hospitali zilitangulia vyuo kwa zaidi ya robo karne, na huo ndio mpangilio sahihi wa kuvifikiria, kwa sababu katika udaktari hospitali ndiyo chuo, na chuo ni jengo la kungojea hospitali.

Miaka 2 ya mwanzo hupita katika anatomia, ambayo ni elimu ya viungo na maumbile yake, fiziolojia, ambayo ni elimu ya utendaji wa viungo hivyo, na biokemia, ambayo ni sababu ya wengi kukumbuka kwao. Na masomo hayo yanafanana kotekote, kwani maiti ya kujifunzia iliyoko Dar es Salaam haina msuli hata mmoja zaidi ya iliyoko Mwanza. Tofauti huanza mwaka wa tatu, mwanafunzi anapoingia wodini na kufuata raundi, yaani msafara wa daktari bingwa na wanafunzi wake kutoka kitanda hadi kitanda. Kitanda kikizungukwa na wanafunzi 20, walio nyuma hujifunza visogo vya wenzao. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa, na liulizwe kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne na si kwa mchapishaji wa vipeperushi, ni watu wangapi husimama kwenye kitanda kimoja, na ni lini mwanafunzi aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kumgusa mgonjwa badala ya kumtazama.

Bugando, ambayo ina vitanda zaidi ya 900 na imekuwa ikipokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa na wa Kigoma pia, ina sifa moja isiyoandikwa katika mwongozo wowote wa udahili. Mara kwa mara hulazwa hapo mzee kutoka Kasulu au Kakonko ambaye Kiswahili chake humtosha sokoni lakini humwishia anapotaka kueleza maumivu, na siku hiyo mwanafunzi anayejua Kiha huitwa kutoka safu ya nyuma hadi kwenye mto wa mgonjwa bila kuomba. Mama, kwa maneno mengine, amepata jibu sahihi kwa kutumia ratiba ya mabasi. Hoja ya baridi ya Moshi, iliyochomekwa na mjumbe asiyetajwa, haijadiliwi hapa, kwa sababu aliyelelewa kwenye nyanda hizi anamiliki sweta.

Ili baba mkubwa asione kwamba amepuuzwa, anaweza kukumbushwa kwa adabu historia ya mkoa wake mwenyewe. Kati ya mwaka 1984 na 1991, daktari Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa mjini Kigoma walipunguza vifo vitokanavyo na uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, wakitegemea zaidi vitu na watu waliokuwapo palepale, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 katika makala aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström. Baada ya kukumbushwa hayo, baba mkubwa aulizwe daktari huyo alisomea chuo gani, na asiharakishwe kujibu.

Kuhusu mjomba, ukimya wake si pingamizi, ni hesabu. Apelekewe karatasi yenye nauli, ada na kodi ya chumba kwa kila chuo, naye atazungumza.

Namba Imepotea, Kasulu

Binti huyu amekubaliwa na vyuo viwili, na sheria ya mchezo ni kwamba mwenye vyuo viwili lazima athibitishe kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa, kwa kuingiza katika akaunti ya chuo anachokitaka namba maalumu ya siri ambayo TCU humtumia kwa ujumbe wa simu. Tatizo ni kwamba maombi yake yalijazwa katika steshenari mjini Kasulu, steshenari ikiwa ni duka ambalo zamani liliuza madaftari na kutoa nakala, na ambalo sasa linapanga maisha ya watu, na mwenye duka aliandika namba yake mwenyewe ya simu. Ujumbe umeingia kwake. Anadai shilingi 10,000 za usumbufu na, juu ya hapo, ana maoni yake kuhusu chuo kinachofaa.

Safu inashauri kwamba mwenye duka alipwe gharama ya uchapaji ikiwa anaidai kweli, ila asipewe kura. Namba ya siri inaweza kuombwa upya kupitia akaunti ya chuo kilichomdahili, na namba ya simu inaweza kurekebishwa kwa kuwasiliana na ofisi ya udahili ya chuo hicho. Hatua hizo zichukuliwe leo, si siku ya mwisho, siku ambayo mtandao huelemewa na mwenye duka huwa ameenda mnadani akiwa na simu yake mfukoni.

Mzazi wa Heru Juu

Mkulima huyu wa maharage ana mtoto aliyekubaliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho ni cha umma, na chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam, na jirani amemhakikishia kwamba tofauti ya ada si kitu kwa sababu Bodi ya Mikopo hulipa yote.

Jirani ana moyo mwema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mkopo kwa kupima uwezo wa familia, na mkopo huo hugawanywa katika mafungu: chakula na malazi, fungu ambalo wanafunzi huliita bumu na ambalo hupendwa kuliko yote; vitabu na viandikwa; mafunzo kwa vitendo; na ada, ambayo si lazima itolewe kikamilifu. Ada ya udaktari katika chuo binafsi huzidi ya chuo cha umma mara kadhaa, na sehemu isiyofunikwa na mkopo humrudia mzazi. Safu inapendekeza kipimo cha gunia. Tofauti ya ada igeuzwe kuwa magunia ya maharage kwa bei ya wakati wa mavuno, wakati ambao mnunuzi hujifanya hana haja, halafu izidishwe kwa 5 na si kwa 3, kwani mtoto wa jirani alisomea kitu kingine. Shamba likikubali hesabu hiyo, chuo binafsi hakina kosa lolote, maana baadhi ya vyuo vya aina hiyo vina hospitali nzuri na madarasa yasiyojaa. Shamba likikataa, Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa ya kujifunzia, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita hapohapo.

Kwa ajili ya maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Mtoto naye aelezwe kwamba baada ya kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, ili asije akadhani kwamba bumu ilikuwa zawadi.

Daktari Tayari, Kakonko

Msomaji huyu ni tabibu wa zahanati, mwenye stashahada ya utabibu iliyofikia wastani wa 3.0 unaotakiwa, na amekubaliwa na vyuo viwili. Anauliza kama kuna faida ya kutumia miaka 5 kutafuta cheo ambacho kijiji kimekuwa kikimwita nacho kwa miaka tisa.

Jina la daktari, katika matumizi ya vijijini, hugawiwa kwa ukarimu: hupewa tabibu, muuguzi, muuza dawa, na hata mhudumu wa usafi akionekana na koti jeupe. Ukarimu huo una chimbuko la haki, kwa sababu mkoa huu una deni kwa kada zisizo na shahada. Vituo vya afya vya vijijini vilipopandishwa hadhi kwa mpango wa afya ya uzazi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg, akina mama wengi walifanyiwa upasuaji wa kujifungua na madaktari wasaidizi, waliokuwa matabibu kabla ya kusoma zaidi. Hata hivyo kada hiyo ya kati haifundishwi tena, na ngazi iliyobaki mbele ya tabibu ni shahada yenyewe.

Aende, lakini ajue anakokwenda. Yeye aliyewahi kuzalisha usiku wa manane kwa mwanga wa simu atakaa dawati moja na kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kuona jipu, na kijana huyo atamshinda kwenye mzunguko wa Krebs, ambao ni mlolongo wa namna chembe hai zinavyotengeneza nguvu kutokana na chakula. Huenda akapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu zikizidi kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kati ya vyuo vyake viwili, achague kile ambamo wanafunzi waliotoka kazini wamekuwa wakivuka mwaka wa kwanza, na hilo huulizwa kwao wenyewe. Barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri itangulie kila kitu, kwa kuwa mtumishi anayeondoka bila barua huhesabiwa mtoro hata akiwa maabara.

Bibi wa Mjukuu, Kasulu

Bibi anauliza kama mjukuu wake, anayeanza udaktari Mwanza mwezi wa kumi na moja, ataweza kulitazama goti lake akija Krismasi.

Atalitazama kwa furaha kubwa. Atalishika, atataja kwa Kilatini mifupa inayokutana hapo pamoja na pia ya goti, ataonyesha kano zinazopishana ndani yake, na pengine ataomba kulitazama na la pili ili alinganishe. Atakuwa na wiki saba za anatomia na hatakuwa na dawa hata moja. Bibi anashauriwa aende Hospitali ya Kabanga kabla ya Krismasi, na ambakizie mjukuu goti zima.